Bibi Ambaye Alikuwa Bado Hajazaliwa

Mliniomba, vijana wa ofisi, niwaachie maandishi ya kuaga kabla sijarudisha funguo. Funguo nimerudisha, maandishi ndiyo haya, yamechelewa kidogo kama ilivyokuwa desturi yangu. Vyeo na mishahara sitavigusa. Viko kwenye faili langu la utumishi, na mwenye hamu akavisome huko, atasinzia kabla ya ukurasa wa pili. Nataka kuwaeleza jinsi saa ya kompyuta inavyoweza kukosea, na jinsi nilivyojifunza jambo hilo katika wilaya za Biharamulo na Ngara, miaka ile ya wakimbizi.

Mimi ni Mhangaza wa Nyakisasa, mtoto wa wakulima wa migomba na maharage. Nilikuwa nafundisha hesabu sekondari wakati watu walipoanza kuvuka mpaka kutoka Burundi. Miaka ile naikumbuka nusu kama kazi, nusu kama ndoto. Asubuhi unapita kilima ulichokizoea, kina mbuzi; jioni unarudi, kina mji. Moshi wa mafiga ulikuwa unalala bondeni pamoja na ukungu, na humo ndani unasikia watu wanakohoa, wanaitana, wanapasua kuni, ila huwaoni. Shirika moja la misaada lilikuwa linatafuta watu wanaojua hesabu na wanaoelewana na wageni. Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo nikaajiriwa bila kuulizwa kama nimewahi kuiona kompyuta. Sikuwa nimewahi.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Biharamulo mjini, kwenye chumba kilichobanwa ubavuni mwa ghala la chakula. Humo nilimkuta Fundi Salum. Alikuwa mtoto wa mji, wa familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walitoka pwani, na kabla ya kompyuta alikuwa anatengeneza redio nyuma ya duka la kanga la shangazi yake. Nilitegemea atanikalisha mbele ya kibodi. Akanipa brashi ya rangi, mpya kabisa, akanionyesha mashine iliyofunguliwa tumbo.

"Mwalimu," akaniambia, "hapa adui wa kwanza ni vumbi. Wa pili ni jenereta. Wa tatu ni wewe. Anza na huyo wa kwanza."

Nilifagia vumbi jekundu kwa wiki nzima. Vifaa vyake vilikuwa vichache: bisibisi mbili, raba ya shule ya kusugulia viungo vya shaba, kitambaa kibichi cha kutundika dirishani, na kopo la biskuti lililojaa diski laini. Zaidi ya hivyo alikuwa na rundo la karatasi lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hayo yalikuwa maandishi yenyewe ya mfumo endeshi, ile programu mama inayoendesha kompyuta yote. Waliotunga mfumo ule walikuwa watu wa chuo kimoja cha mbali, na walikuwa wanaugawa pamoja na msimbo wake ili kila mtu ausome na aurekebishe. Sijui wangapi waliitikia wito huo duniani. Biharamulo aliitikia mmoja. Alikuwa anausoma akinywa kahawa, anaguna, anatikisa kichwa, kama anasoma gazeti lenye habari za watu anaowafahamu.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa mashine ya kupokelea ujumbe wa redio. Ilikuwa inaganda. Kila mtu alilaumu jenereta, maana jenereta ililaumiwa kwa kila kitu, hata mafua. Kisha tukaletewa betri kubwa, umeme ukawa haukatiki tena, na mashine ikaendelea kuganda, safari hii kwa utaratibu: siku ya hamsini tangu kuwashwa. Tukaiwasha upya. Siku ya hamsini tena, kimya. Salum alikuwa anatia alama kwenye kalenda ya ukutani, akafungua rundo lake la karatasi na kuniita.

Kwa mnaotoka idara nyingine, kompyuta huhifadhi namba kwenye safu ya swichi ndogo ziitwazo biti. Safu ya mfumo wetu ilikuwa na biti thelathini na mbili. Ikihesabu elfu moja kwa kila sekunde tangu mashine iwashwe, safu hiyo inajaa baada ya siku arobaini na tisa na saa kumi na saba. Ikijaa inarudi sifuri, na programu iliyokuwa inangoja namba kubwa zaidi inangoja milele. Zamani umeme ulikuwa unakatika kila baada ya siku mbili tatu, hesabu inaanza upya, na ugonjwa haujitokezi. Umeme mbovu ulikuwa unatustiri. Dawa ilikuwa mstari mmoja tu, wa kutazama tofauti ya nyakati mbili badala ya kuuliza upi ni mkubwa. Siku hiyo ndiyo nilipoipenda kazi hii, na niliipenda kweli, bila kujificha.

Baadaye nikahamishiwa Ngara. Ofisi ilikuwa kontena lililopakwa rangi nyeupe juu ya kilima, na mlango ukiwa wazi unaona vilima vya Burundi vimepangana, kimoja nyuma ya kingine, mpaka vinageuka buluu na kuwa kama hewa. Salum alibaki Biharamulo, lakini tulikuwa tunaongea kwa redio kila asubuhi, na kila asubuhi aliniuliza kama nimefagia.

Kisha likaja agizo la kuandikisha upya kambi ya wakimbizi ya Lukole. Kwa sababu ya lugha nikawekwa mezani, chini ya turubai, nikiandika majina kwa mkono. Shida kubwa ilikuwa miaka ya kuzaliwa. Kila asiyejua siku yake tulimwandikia tarehe moja Januari, hivyo nusu ya kambi ilizaliwa siku moja, na nilikuwa najiwazia sherehe ambayo ingefanyika kama wote wangekumbuka kusherehekea. Asiyejua hata mwaka tulimtafutia kwa njia ya ukoo: nani alimtangulia, nani alimfuata, na zaidi ya yote, nani alimbeba nani mgongoni. Msichana anaanza kubeba mdogo wake akiwa na miaka minne hivi. Ukijua mwaka wa aliyebebwa, unatoa minne, unapata mwaka wa mbebaji. Hakuna mtu aliyetufundisha hesabu hiyo. Sisi wa huku tumezaliwa nayo.

Ndivyo nilivyowaandika Bibi Marisiyana na mdogo wake, Mzee Petero. Wazee wa umri ule walikuwa wa kuhesabu kwa vidole pale kambini. Mzee Petero alivushwa mpaka kwenye ingobyi, ile machela ya kubebea wagonjwa, na macho yake yalikuwa yameshapofuka. Mfukoni alikuwa na cheti cha ubatizo kilichokunjwa mpaka kikapasuka pande nne, na humo mwaka wa kuzaliwa: 1902. Bibi Marisiyana hakuwa na karatasi yoyote.

"Ulimbeba?" nikamuuliza.

"Nilimbeba."

Nikatoa minne, nikaandika 1898. Kadi ikawa ya jina lake kwa kuwa ndiye mkubwa, na chini yake mdogo wake na vitukuu watatu waliofiwa na wazazi. Akaweka kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza taratibu sana, kama mtu anayezima kaa la moto.

Majina yakaingizwa kwenye kompyuta mpya, yenye mfumo ule ule wa karatasi za Salum. Ugawaji wa chakula ulikuwa Alhamisi. Jumatatu asubuhi nikachapa orodha, kadi zote zikatoka isipokuwa moja. Kwenye karatasi ya makosa ilikuwa imeandikwa kwamba mkuu wa familia hiyo atazaliwa tarehe 7 Februari mwaka 2034, saa kumi na mbili na dakika ishirini na nane asubuhi. Mtu ambaye bado hajazaliwa hawezi kupewa kadi, na wanne walio chini yake wakakataliwa pamoja naye. Ikipita Alhamisi, familia ile ingesubiri kikao cha rufaa, na kikao kile kilikuwa hakina haraka. Watu watano, wawili wakiwa na karibu miaka mia kila mmoja, wangekaa wiki mbili bila unga wala maharage.

Mkuu wetu wa kituo hakuwa mtu mbaya. Alitazama karatasi, akacheka, akasema, "Mwandike 1902, kama mdogo wake. Mashine inaikubali 1902. Miaka minne kwa bibi kizee ni nini?"

Niliona ni sawa. Ndiyo, niliona ni sawa, na ndiyo maana nawaandikia. Nilichukua karatasi ya masahihisho na wino wa kidole, nikapanda gari la kwenda Lukole.

Nilimkuta amekaa mbele ya kibanda chake cha turubai anachambua maharage. Mdogo wake alikuwa ameegemea ukuta, ameuelekeza uso kwenye jua. Nikawaamkia kwa Kihangaza, wakaitikia kwa Kirundi, nikaeleza shida ya mashine kadiri nilivyoweza.

"Sasa unataka kuniandika mwaka gani?" akauliza.

"Wa Mzee Petero, Bibi. Ni namba tu."

Akaweka ungo chini.

"Naramuhetse," akasema. Nilimbeba huyu. Akajipiga mgongoni kwa kiganja, pale palipokaa mtoto. "Mama alikuwa shambani, mimi nina huyu mgongoni, mpaka wakimtoa najiona mwepesi, naogopa upepo. Wewe mwenyewe uliniuliza, ulimbeba? Nikasema nilimbeba. Ukaandika. Leo umekuja kufuta ulichoniuliza kwa mdomo wako?"

"Bibi, ni kwa sababu ya chakula. Watoto hawa..."

"Watoto nawaona, mwananje, mwanangu. Ng'ombe tumewaacha. Makaburi tumeyaacha. Mimi nimevuka na nini? Nimevuka na huyu, na kwamba mimi ndiye mkubwa wake. Chakula mtatupa au mtatunyima, mkono ni wenu. Kidole changu sikiweki kwenye uongo."

Hakupandisha sauti. Akachukua ungo wake, akaendelea kuchambua. Niliona haya mpaka masikio yakawa ya moto, kwa sababu kweli nilikuwa nimesafiri kilomita zote zile na wino mkononi kuja kumwomba mtu aongope ili kuisaidia mashine.

Nikarudi Ngara, nikampigia Salum kwa redio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Basi bibi hana kosa," akasema. "Wenye kosa ni sisi, tumempangia chumba ambamo haenei. Nakuja na kopo langu."

Jumanne asubuhi akafika juu ya lori la unga, mweupe mpaka kope, na rundo la karatasi kwapani. Tulipata chanzo kabla ya chai. Mfumo ule ulihesabu kila tarehe kwa sekunde, mbele au nyuma ya mwanzo wa mwaka 1970. Biti ya kwanza ilionyesha kama ni mbele au nyuma, zilizobaki zikabeba idadi. Ukirudi nyuma, chombo, yaani ile safu ya biti thelathini na mbili, kinajaa mwezi wa Desemba mwaka 1901. Ukipita hapo, biti ya kwanza inageuka na zamani inakuwa kesho. Mzee Petero, wa 1 Januari 1902, alikuwa ndani ya mpaka kwa wiki mbili na siku chache tu. Dada yake alikuwa nje, na mashine, badala ya kusema haijui, ilimpeleka upande wa pili wa wakati.

Nakiri kwamba tarehe ile ilinishika. Ubongo ulipochoka nilikuwa nafumba macho mchana kweupe, jenereta inanguruma nje, naiona asubuhi ile ya Februari 2034. Ukungu kwenye migomba, majivu ya jana yanapulizwa, wanawake wanaingia na kutoka wakiwa wameshika vitambaa, na mtoto wa kike analia kwa mara ya kwanza. Anakua, ana miaka minne, anageuka nyuma kutafuta mdogo wa kumbeba, na hayupo, kwa sababu alizaliwa miaka mia moja na thelathini na miwili kabla yake. Salum alikuwa ananigonga na penseli kwenye kiwiko.

Sasa sikilizeni makosa yangu, maana haya ndiyo mtakayoyarudia. Tuliamua kupanua chombo kiwe na biti sitini na nne. Mimi kwa pupa nikapanua kila mahali penye wakati, pamoja na tarehe za mafaili zilizoandikwa kwenye diski. Diski ilikuwa imetenga nafasi nyembamba. Mfumo mpya ukawa unasoma nafasi pana, unameza na maneno ya jirani. Kompyuta ikakataa kuwaka. Salum hakunigombeza. Alifungua kopo la biskuti, akaanza kurudisha mfumo wa zamani kwa diski moja baada ya nyingine, na kazi hiyo ikala Jumanne yote iliyobaki.

Jumatano asubuhi tukaanza upya, safari hii bila kugusa kilichokuwa kwenye diski. Tukapanua tu pale ambapo tarehe inageuzwa kuwa sekunde. Kuujenga mfumo upya, yaani kuyageuza maandishi yawe programu, kulichukua saa tatu, feni ikilia, sisi tukila mahindi ya kuchemsha na kutazama vilima. Ikakubali kuwaka. Nikaandika 1 Januari 1898. Ikanijibu: 7 Februari 2034.

Nililia. Si sana, lakini nililia. Ilikuwa saa tisa na nusu, jenereta huzimwa saa kumi na moja, na kesho yake ni Alhamisi.

"Futa machozi, Mwalimu, unisomee mstari huo kwa sauti," Salum akasema. "Polepole. Kama unawasomea wanafunzi wako."

Nikasoma. "Chukua idadi ya siku. Zidisha kwa sekunde za siku moja. Weka jibu kwenye chombo kipana."

"Kuzidisha kunafanyika wapi?"

"Hapo hapo, kwenye mstari."

"Nauliza, siku zenyewe zimekaa kwenye chombo gani zinapozidishwa?"

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari. Siku zilikuwa elfu ishirini na sita, mia mbili na tisini na saba, kwenye chombo chembamba. Sekunde za siku moja, chembamba. Kwa hiyo mashine ilizidisha ndani ya wembamba, jibu likamwagika humo humo, na kilichobaki ndicho kikahamishiwa kwa heshima zote kwenye chombo kipana. Nilikuwa nimefundisha kuzidisha miaka tisa. Namba za ubaoni hazina upana. Ukizidisha, jibu linakuja lote, ubao ukijaa unaandika ukutani. Haikuwa imeniingia akilini kwamba kuna mahali ambapo jibu sahihi linaweza kupotea kabla hujamaliza kuliandika. Panueni kwanza, vijana, ndipo mzidishe. Nimewaambia hivyo mara nyingi mpaka mkaniiga sauti, nawajua.

Tuliongeza neno moja tu mbele ya siku. Hatukuwa na saa tatu, tukajenga upya kile kipande peke yake. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi nikaandika tena tarehe, nikafumba macho, nikasikia Salum anasema taratibu, "Alhamdulillahi." Nikafumbua. 1 Januari 1898. Printa ilikuwa bado inakwaruza mstari wa tano wa kadi ile wakati jenereta ilipokohoa, lakini ilimaliza, na Salum akaichana karatasi kwa mikono miwili.

Alhamisi nilienda nayo mwenyewe Lukole. Foleni ilikuwa imeshafika barabarani, vumbi limesimama hewani, jua halijawa kali. Bibi Marisiyana alikuwa amekuja ingawa hakuwa na kadi. Amesimama, fimbo mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika kiwiko cha mdogo wake. Nikampa kadi. Akaigeuza huku na huku, hakujua kusoma.

"Nisomee," akasema. "Kwa sauti, na huyu asikie."

Nikasoma. Marisiyana, mkuu wa familia, amezaliwa mwaka 1898. Petero, mdogo wake, amezaliwa mwaka 1902. Nikaendelea na watoto, lakini sidhani kama walinisikiliza tena.

Mzee Petero alikuwa ameinamisha kichwa. Huko kwao hawana shikamoo. Aliisikia hapa kwetu, kutwa kucha anaamkiwa yeye na kila apitaye, maana mzee wa miaka ile hana tena wa kumwamkia. Akageuza uso wake usioona upande ule ulikokuwa mkono wa dada yake, akaitafuta sauti.

"Shikamoo, dada," akasema.

Bibi Marisiyana alisimama wima kabisa, hata fimbo akaiachia ikaanguka.

"Marahaba," akamwitikia.